Roli si mchezo mmoja, msifunge meza kwa kosa la telefoni

Ndugu Muhariri,

Pokea salamu kutoka Kamalondo. Nimesoma barua ya papa mmoja wa Katuba mliyoichapa, analalamika kijana wake anakesha kwenye telefoni anacheza roli, ile michezo ya kuwa mtu mwingine ndani ya hadithi, mega za intaneti zinaisha, pesa ya minervali inapungua bila maelezo, asubuhi mtoto anasinzia darasani, na mwisho papa akaomba masomo, yaani mashule yote ya Lubumbashi, yapige marufuku michezo ya uhusika, yote, bila kuchagua. Uchungu wake nausikia, mie pia ni mzazi, tena ni mwalimu wa hesabu, hao wanaosinzia nawaona mbele yangu kila siku. Lakini barua ilipotoka, ku masomo fulani hapa mjini, sitayataja, wakubwa waliikata wakaibandika ukutani, halafu wakafunga kikundi cha Jumamosi ambako watoto walikuwa wanacheza roli ya mezani, kwa karatasi na biki, bila telefoni hata moja juu ya meza. Hapo njo nikaona siwezi kunyamaza.

Juu wamechanganya mambo. Kijana wa Katuba yuko peke yake chumbani na skrini, na kila hatua ya mchezo wake kuna mtu huko mbali anamwuzia kitu. Watoto wa Jumamosi walikuwa watano ao sita kuzunguka meza moja, wanaangaliana usoni, wanabishana kwa Kiswahili, na walichonunua ni dadu mbili za ludo basi. Vyote viwili vinaitwa roli, sawa, lakini ukivifunga pamoja wa telefoni hujamgusa, ataendelea usiku kwao nyumbani ambako masomo hayamwoni, na wa mezani njo umemnyang'anya Jumamosi yake bure.

Kinachounganisha michezo hii yote ni kimoja: wewe mchezaji unakuwa mtu mwingine ndani ya hadithi, unaamua huyo mtu anafanya nini, na kuna kanuni inayosema kama amefaulu ao ameshindwa. Baada ya hapo kila aina inaenda njia yake na ndiyo maana naomba nafasi kidogo niieleze, watu wanaoamua juu ya watoto wetu wajue wanaamua juu ya nini.

Ya mezani njo ya kwanza, na asili yake ni ya kijeshi kabisa. Mu Prussia, nchi ya zamani ya Wajerumani, bwana mmoja von Reisswitz alimpelekea mfalme mchezo wa vita wa mezani mwaka 1812, na mwaka 1824 mtoto wake akautoa ukiwa umenyooka vizuri kwa ajili ya kufundisha maofisa, kuna ramani, kuna vipande vya askari, kuna dadu, na katikati kuna mwamuzi anayesema nini kimetokea. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1969, mu jimbo la Minnesota huko Marekani, David Wesely aliyekuwa anachezesha wenzake michezo ya vita akajaribu kitu kipya, badala ya kila mtu kuongoza kikosi cha askari akampa kila mmoja mtu mmoja tu wa kuwa, mu mji mdogo, huyu meya, yule mkuu wa chuo kikuu, kila mtu na lengo lake moyoni. Rafiki yake Dave Arneson akalichukua wazo akaliendeleza, akaungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na mwezi wa kwanza wa 1974 wakatoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za kwanza. Hawakuwa na kiwanda wala nini, zile boksi walizipanga nyumbani kwa mikono yao.

Inachezwa hivi. Mmoja anakuwa kiongozi wa hadithi, wengine, kawaida watatu mpaka sita, kila mmoja ana mtu wake ameandikwa kwenye karatasi, ana nguvu gani, anajua nini, hawezi nini. Kiongozi anaeleza mahali mlipo na kinachotokea, yeye anaongea kwa niaba ya wote wasio wachezaji, mwuzaji, askari, mwizi, mbwa wa jirani, na ndiye mwamuzi wa kanuni kama yule wa Prussia. Anaeleza, halafu anauliza "unafanya nini?" Mchezaji anajibu. Kama jambo ni rahisi, kufungua dirisha lisilofungwa kwa mfano, linafanyika tu. Kama lina mashaka, dadu zinarushwa. Na hakuna anayemshinda mwenzake, hilo watu wengi hawalijui, wote wako upande mmoja wa hadithi, wanaokoka pamoja ao wanaanguka pamoja, na hadithi inaweza kuisha mu masaa matatu ao kuendelea miezi, kila Jumamosi mnaanzia pale mlipoachia.

Acha nieleze nilichokiona kwa macho yangu, maana nilikuwa nakaa nao kama mwalimu wa kuwaangalia. Hadithi waliitunga wenyewe: treni imesimama usiku porini kati ya Tenke na Bukama, lokomotivu imekufa, chakula kidogo. Mmoja ni mama mwuza samaki anayerudi kwao Bukama, mmoja mekanisie, mmoja mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa, mmoja katekista mzee, mmoja mkubwa wa treni. Kila karatasi ina mistari minne, Nguvu, Mikono, Kichwa, Kinywa, na una alama 5 za kugawa unavyotaka ila hakuna mstari unaozidi 3. Ukitaka kufanya kitu kigumu unarusha dadu mbili, unaongeza alama zako za mstari unaohusika, ukifika 9 umefaulu. Kanuni zote ziliingia kwenye ukurasa mmoja wa kaye.

Kiongozi siku ile alikuwa msichana wa mwaka wa nne ambaye darasani kwangu hainui mkono, ukimwuliza anaangalia chini. Sasa yeye njo anaanza:

"Treni imesimama. Inje ni giza, hata nyota hakuna. Munasikia muntu anagonga ku mulango ya wago. Munafanya nini?"

"Mi minafungula."

"Apana, usifungule! Uliza kwanza ni nani."

"Mi njo mukubwa wa treni, minauliza mi mwenyewe. Weye uko nani?"

Na yule msichana akabadilisha sauti, akawa mzee mchovu kabisa, polepole: "Niko na mutoto mugonjwa, mutusaidie, tunatembea tangu asubuyi."

Meza yote ikanyamaza. Halafu wakaanza kubishana, na ubishi wenyewe si wa kitoto, katekista anasema mgonjwa hafukuzwi, mwanafunzi anasema kama ni surua itashika wago nzima na humu tuna watoto wengine, mekanisie anauliza maji tuliyobaki nayo ni bido ngapi, mkubwa wa treni anaogopa watu wa wago zingine wakisikia kuna mgonjwa watashuka wakimbilie porini. Mama mwuza samaki akasema yeye atasimama aongee na abiria wa wago ile wasogee, wawape mgonjwa kona moja karibu na dirisha, na akamgeukia kiongozi: "Minatumia Kinywa." Kinywa chake kilikuwa 3. Akarusha, zikaanguka 4 na 2. Kuna sekunde moja watu wanahesabu kimoyomoyo, 6, ongeza 3, ni 9, imefika hapohapo kwenye mstari, na wote wakaruka juu ya viti kama TP Mazembe imefunga goli.

Mie nilikuwa kona yangu nafikiria kitu kingine. Uwezekano wa hesabu ni sura ambayo watoto hawaipendi, unaandika ubaoni, wananakili, kesho wamesahau. Lakini kijana mmoja wa kikundi kile, ambaye interogasio ya sura hiyo ilimshinda, alinifuata wiki ile na swali, "Mwalimu, niweke alama ku Kinywa ao ku Mikono, na nikiweka 3 inanisaidia kiasi gani kuliko 2?" Tukakaa tukachora jedwali la dadu mbili, miraba 36. Bila alama yoyote, kufika 9 una miraba 10 kati ya 36. Ukiwa na alama 2 unahitaji 7 tu, hapo ni miraba 21. Ukiwa na 3 ni 26. Aliangalia jedwali muda mrefu, akaniuliza kwa nini alama ya tatu imempa miraba 5 tu wakati alama mbili za kwanza zimempa 11, na hilo swali, Ndugu Muhariri, wengine wanalifikia chuo kikuu. Mtoto huyo huyo leo Jumamosi yuko mtaani juu kikundi kimefungwa.

Kanuni za mezani hazifanani zote. Ile ya kwanza ya Marekani na wajukuu zake inapenda dadu ya pande 20, kila upande nafasi 5 kwa 100, rahisi kuhesabu. Ken St. Andre alipoona ni ngumu kwake akatoa mwaka 1975 mchezo wake, Tunnels & Trolls, unaotumia dadu za kawaida za pande 6 tu, zile zile za ludo. Kuna Call of Cthulhu ya 1981, hadithi za kuogopesha, humo uwezo wako umeandikwa kwa asilimia, kama karatasi inasema 60 unarusha dadu mbili za pande 10 ili upate namba toka 1 mpaka 100, na ukipata 60 ao chini yake umefaulu, kwa hiyo hata mtoto asiyependa hesabu anajua nafasi yake kabla hajarusha. Kuna Amber ya 1991 isiyo na dadu kabisa. Kuna Fiasco ya 2009 ambayo haina kiongozi, wote wanabeba hadithi sawasawa. Na usiniambie siye hatuwezi juu dadu za pande 20 haziuzwi huku kwetu, kata vipande 20 vya karatasi, andika 1 mpaka 20, tia ndani ya kopo ya maziwa, chomoa kimoja, ila kirudishe kabla mwenzako hajachomoa, la sivyo nafasi zake zimebadilika na atakulalamikia kwa haki.

Nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mu mkutano wa wazazi kuna pasteri alisimama akasema hizo dadu na hayo majina ya kujivika ni mlango wa bulozi, uchawi. Namheshimu mtumishi wa Mungu, lakini naomba achunge lile neno. Mu mji huu mtoto akishaitwa mlozi amekwisha, kuna watoto wamefukuzwa na ndugu zao wenyewe kwa neno hilo moja, wanalala nje ya maduka, wote tunawapita kila siku. Huwezi kulitupa juu ya kichwa cha mtoto eti juu alisema yeye ni katekista wa treni ya kubuni. Na hofu hii hata huko mchezo ulikozaliwa ilipita. Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 alipotea kwenye chuo kikuu cha Michigan State, magazeti yakaandika kwamba amepotelea mu mchezo, ndani ya mifereji ya mvuke iliyo chini ya chuo, nchi yote ikaogopa, na baadaye ikajulikana mambo yake yalikuwa mengine kabisa, kijana alikuwa na mzigo mkubwa wa moyo na hakuna aliyeuona. Watu waliangalia dadu, mtoto hawakumwangalia. Mie naogopa na siye tutafanya vile vile.

Tena kuna wanaosema ni tabia ya wazungu. Siye watu wa Lubum tuna Mufwankolo! Wazee wote wanakumbuka kundi lake la teatri kwenye redio na televizio, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha mjini, na vijana wengi hawajui kwamba wale waigizaji hawakushika karatasi yenye maneno ya kukariri. Walikaa, wakaongea hadithi itaendaje, wakagawana watu, nani chifu, nani mke wake, nani anayelalamika, halafu kila mmoja akatafuta maneno yake palepale mbele ya watu. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyewahi kufundisha kwenye chuo kikuu cha hapa, aliwafuata wakati wanatengeneza mchezo juu ya ule usemi wa Kifaransa kwamba madaraka yanaliwa mazima, akarekodi jinsi hadithi ilivyokua toka mazungumzo ya kwanza mpaka mwisho, na kazi hiyo ikatoka kitabu mwaka 1990. Sasa ondoa watazamaji, weka dadu ili hata waigizaji wenyewe wasijue mwisho, tayari una roli ya mezani. Kipaji hicho cha kutafuta maneno palepale kiko hapa, kimekaa mu kartie zetu, na watoto wa treni ya Bukama walikuwa wanakifanyia mazoezi bila kufundishwa na mtu.

Ya kuchezwa kwa mwili mzima ni aina nyingine, wanaozungumza Kifaransa wanaiita grandeur nature. Huko humwelezi mtu wako, unamvaa, unatembea kama yeye, kama yeye ana hasira unanyanyua sauti yako mwenyewe. Marekani kuna kundi la Dagorhir toka 1977, Uingereza mwaka 1982 watu walianza kuchezea ndani ya ngome halisi ya Peckforton, wanapigana kwa silaha laini, siku hizi nyingi ni za mousse, sifongo nyepesi. Wengine hawapigani kabisa, wanavaa nguo nzuri wanazungumza siasa usiku kucha, na wakikosana wanaamua kwa mchezo wa jiwe, karatasi, makasi. Nchi za kaskazini mwa Ulaya zimeichukua kwa uzito sana, mu Denmark kuna masomo ya bweni yanaitwa Østerskov, mu mji wa Hobro, yamefunguliwa toka 2006, yanafundisha karibu kila kitu kwa njia ya roli, wiki hii wanafunzi ni watu wa Roma ya kale, wiki nyingine ni kitu kingine, na hesabu na lugha na historia zinaingizwa humo humo ndani. Ningependa maprefe wetu walione hilo. Lakini kwa hapa kwetu nina neno moja kwa vijana: fanyeni mchana, ndani ya parseli ao kiwanja cha masomo, na msitembee barabarani usiku na mapanga hata kama ni ya mousse, askari wa doria hatajua ni mchezo na mu giza hatauliza.

Kwa mtoto asiye na wenzake kuna vitabu. Mwaka 1982 Waingereza Steve Jackson na Ian Livingstone walitoa kitabu cha hadithi chenye vipande 400 vyenye namba, unasoma kipande, mwisho kinakuuliza unaenda kushoto ama kulia, kila jibu linakutuma kwenye namba yake, na mapigano unayafanya mwenyewe kwa dadu mbili na penseli. Kwa Kifaransa vilitafsiriwa toka miaka ile ile ya 80, vingi sana, na mtoto anayesoma kimoja anasoma Kifaransa masaa mawili bila kulazimishwa, mwalimu mwenzangu wa Kifaransa angetoa nini apate hilo! Kuran ya umeme ikikatika haijalishi, buji moja inatosha.

Na kuna ya maandishi. Zamani wachezaji wa mbali walitumiana barua za posta, Rick Loomis wa Marekani alianza mwaka 1970 kuendesha michezo ya namna hiyo, unaandika unachofanya, unasubiri siku nyingi, jibu linakuja. Leo ni WhatsApp. Mnafungua kundi, kiongozi anaandika hali, kila mtu anaandika mtu wake anafanya nini, mmoja yuko Likasi, mwingine Kolwezi, mwingine Kipushi, unajibu ukipata nafasi. Maandishi matupu yanakula mega kidogo sana, vokali, zile za sauti, njo zinakula. Hii nayo ni ya telefoni lakini ona tofauti, mtoto anaandika sentensi kwa sentensi, lazima zieleweke na wenzake, na hakuna anayemwuzia kitu. Hatari yake iko kwingine, mu kundi kama hilo anaweza kuingia mtu mzima asiyejulikana akajifanya mtoto, kwa hiyo mzazi ajue ni akina nani wamo, na mtoto asicheze na namba ambayo hakuna anayeijua kwa sura.

Sasa nifike kwa kijana wa Katuba. Ya kompyuta nayo iko na ya maandishi, mwaka 1978 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walitengeneza ulimwengu ambao watu wengi wanaingia pamoja kupitia kompyuta, bila picha hata moja. Wajapani walileta Dragon Quest mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987, hizo unacheza peke yako, zina hadithi ndefu na zina mwisho, ukimaliza umemaliza. Halafu zikaja zile za maelfu ya watu kwa wakati mmoja, World of Warcraft ya 2004 njo maarufu kuliko zote, wachezaji wanalipa kwa mwezi, na hadithi haina mwisho. Mu hizi zote mashine njo kiongozi wa hadithi. Inajua majibu iliyoandikiwa tu, huwezi kuiambia "nataka kuongea na abiria wasogee" kama mtengenezaji hakufikiria abiria.

Na zile za telefoni zinazopakuliwa bure, hapo papa wa Katuba ana haki yote na mie nasimama pamoja naye. Bure ni mlango tu. Ndani kuna nguvu ya kucheza inayoisha na kukuambia subiri masaa ao lipa, kuna zawadi ya kila siku ambayo usipoingia leo imepotea, njo maana mtoto anaamka usiku, na kuna maboksi ya bahati, unalipa bila kujua ndani kuna nini. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilichunguza maboksi hayo mu michezo kadhaa ya video ikasema yanavunja sheria yao ya kamari, na kampuni kadhaa zikayaondoa huko. Watoto wa Ubelgiji walau wana sheria ya kuwalinda, wa kwetu bado wanalipa. Hapo njo ningependa papa wa Katuba apige kelele, aiandikie serikali ya jimbo, aandike tena kwenye gazeti hili, mie nitaweka sahihi chini yake. Na nyumbani achukue hatua ndogo ndogo zinazowezekana leo, telefoni ilale chumbani kwa wazazi, namba ya siri ya pesa ya telefoni mtoto asiijue, na amwulize kijana wake ule mchezo unahusu nini, mtu wake mle ndani anaitwa nani, ni shujaa wa namna gani. Naamini atashangaa. Kijana anayekesha mu hadithi mara nyingi ni kijana mwenye njaa ya hadithi, na hakuna aliyemwonyesha kwamba anaweza kuicheza na marafiki kwa masaa matatu mchana halafu akala bukari yake akalala.

Kwa wakubwa wa yale masomo ninaomba kitu kimoja. Msome kaye ya kanuni ya wale watoto, ni ukurasa mmoja, kaeni nao Jumamosi moja toka mwanzo mpaka mwisho, halafu muamue. Kama bado mtataka kufunga, fungeni, lakini mtakuwa mmefunga kitu mlichokiona. Wekeni masharti pia, si vibaya, mwalimu mmoja awepo, telefoni zikae ku biro, dadu zisichezewe pesa hata franga moja, hadithi za damu na uchafu zisiingie, na mtoto akisema hapa inaniogopesha, tusimame, wote wasimame bila kumcheka. Sharti hilo la mwisho watoto walikuwa nalo tayari, waliliandika wenyewe juu kabisa ya ukurasa.

Na wewe Ndugu Muhariri, kama una nafasi mu toleo la vakansi, chapa zile kanuni za mistari minne na dadu mbili nilizozieleza, watoto wazikate waweke ndani ya kaye zao, kanuni ni za watoto wenyewe na wamenipa ruhusa. Wakati tunasubiri jibu la masomo, mama mmoja wa kartie ametukopesha veranda yake, tunacheza Jumamosi baada ya saa nane, treni bado imesimama na yule mtoto mgonjwa homa haijashuka. Papa wa Katuba akaribie na kijana wake, tunahitaji mekanisie mpya maana wa kwanza amehamia Likasi na wazazi wake, kiti kipo, ila aje na biki.

Mwalimu wa hesabu,
Kamalondo, Lubumbashi